Mashine Imesema Sumu

Mdogo wangu alimmwagia mama mchuzi wa moto Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani. Sikuwepo. Niliambiwa kwa simu na mama mwenyewe, na alivyo mama, alianza kwa kuniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mdogo wako leo kanimwagia mchuzi. Lakini mkono tu, mwanangu. Uso haukupata." Utadhani ananipa habari njema.

Nikamuuliza kisa nini. Akasema kijana analalamika kwamba chakula chake kina ladha ya chuma. Kila anachompikia, chuma.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilipiga ngumi meza ya maabara mpaka chupa zikaruka, nikaanza kutukana kwa Kisukuma, wenzangu wananitazama kama nimepandwa na pepo. Nilitaka kumwita mwanaharamu nikashindwa, maana tusi hilo lingemfikia mama kwanza. Basi nikatulia, na nilipotulia ndipo lile neno chuma likanigonga.

Miaka hiyo nilikuwa mtaalamu wa maabara chuo kikuu, na tulikuwa tunajaribu mashine iliyobuniwa na mhadhiri mmoja wa pale pamoja na wanafunzi wake. Ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa tofali. Unakitilia matone machache ya mkojo, na baada ya robo saa kinakuonyesha kama mwilini mwa mtu mna zebaki, na kwa kiasi gani. Mtu aliyevuta moshi wa zebaki kwa muda mrefu husikia ladha ya chuma mdomoni. Mikono humtetemeka, fizi humtoka damu, usingizi humpaa, na huwa na hasira zisizo na kichwa wala miguu. Mdogo wangu alikuwa nayo yote hayo. Alikuwa na miaka mingi mwaloni, kule upande wa Bugarama wanakooshea mchanga wa dhahabu, anaikamatisha dhahabu kwa zebaki kwa mikono mitupu, halafu anakuja kuichoma nyumbani, kwenye jiko la mama, kwa sababu mwaloni kuna wezi.

Kumbe nyumbani walishapata jibu lao. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kwa mganga, na mganga akamwambia anayemmaliza ni mtu wa ndani, mwanamke, na anapitishia kwenye chakula; neno hilo likazagaa kijijini. Ndani kwetu mwanamke alikuwa mmoja tu. Baba alishafariki, na mke wa mdogo wangu alishakimbilia kwao Kagongwa baada ya kung'olewa jino kwa ngumi.

Aliyezaliwa kwetu hahitaji kuelezwa kinachofuata. Mama mtu mzima, mjane, macho mekundu kwa moshi wa miti ya pamba, anaitwa mchawi Jumatatu, Alhamisi anakutwa shambani kakatwa mapanga. Nilikuwa darasa la nne nilipomkuta jirani yetu kwenye mtaro, njiani kwenda shule, mkono wake mmoja uko ng'ambo ya barabara. Bibi huyo alikuwa akitupa karanga. Kwa hiyo nilipofunga begi safari ile, utafiti ulikuwa jina tu. Nilikuwa nakwenda kuzuia mama yangu asiuawe, na silaha yangu ilikuwa ile mashine.

Mhadhiri aliniruhusu upesi, maana alikuwa anatafuta mahali pa kuijaribia nje ya maabara. "Nenda," akasema, "ila usiniletee mambo ya nyumbani kwenye kazi." Nikamjibu nimesikia.

Nilishuka basi Kahama, nikachukua bodaboda, nikafika nyumbani jua la saa nane. Mdogo wangu alikuwa kibarazani. Alisimama, akaniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, dada." Badala ya marahaba nikamzaba kofi. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Naye akanirukia, akanikaba koo kwa mikono yote miwili, na ninachokumbuka zaidi ya maumivu ni kwamba ile mikono ilikuwa inatetemeka hata ikiwa shingoni kwangu. Mama alitoka jikoni na mwiko, mkono wake mwingine umefungwa kitambaa, akatuchapa wote wawili vichwani kama zamani. "Mtaniua kwa aibu!" akafoka. Tukaachana. Nikalia, na yeye akalia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mama ananimaliza. Muulize ananiwekea nini."

Nikamwambia, "Wewe mpumbavu, hiyo ni zebaki."

"Zebaki tunashika wote," akanijibu. "Mbona wenzangu wazima?"

Kesho yake nikaenda mwaloni na mashine yangu na vikopo vya mkojo. Wachimbaji walinicheka mpaka nikazoea. "Daktari, wangu una karati ngapi?" mmoja akauliza. Mwingine akasema nikikuta dhahabu humo ni ya kwake, tusidhulumiane. Lakini walitoa, na mdogo wangu alitoa, kwa kubishana. Mama ndiye alikataa katakata. "Nikojoe kwenye kopo, uende ukaukodolee macho na wanaume? Nipishe huko!" Nikamwacha. Nilikuwa na haraka na majibu ya mwanawe, na mama naye alikuwa anavuta moshi ule ule kwenye jiko lile lile. Ningembembeleza siku moja zaidi, kijiji kizima kingeona mpikaji na mlaji wana ugonjwa mmoja. Sikumbembeleza, na hilo silisahau.

Majibu ya mdogo wangu yalipotoka, taa nyekundu iliwaka na namba zikapanda kuliko mtu yeyote niliyempima. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha. Nilikibusu kile kisanduku. Nilimwona mama anazeeka kwa amani, anafuga kuku wake, hakuna wa kumnyooshea kidole. Nikaenda mbio kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba aitishe mkutano. Sikutaka jambo hili liishie uani. Jina la mama lilichafuliwa hadharani, nami nilitaka lisafishwe hadharani.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, asubuhi. Wanaume upande huu na fimbo zao, wanawake upande ule, mama katikati yao kajitanda kanga. Mdogo wangu alikaa mbele. Nikasimama na mashine mkononi, nimevaa koti jeupe ambalo halikuwa na kazi yoyote pale zaidi ya majivuno. Nikasalimia wazee, nikaeleza kwamba chuo kikuu kimebuni chombo kisichodanganya. Watu wakaitikia. Kisha nikasema, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi usiku kucha:

"Ndugu zangu, mdogo wangu hajarogwa. Mashine imempima. Mashine imesema ana sumu. Ana sumu nyingi mwilini kuliko wote tuliowapima."

Nikanyamaza kidogo iwaingie. Nilikuwa nimepanga kunyamaza hapo, ndipo niendelee na zebaki, moshi, na mapafu.

Mzee mmoja wa sungusungu akasimama. "Daktari, hebu rudia."

"Ana sumu," nikarudia, kwa kimbelembele changu.

"Na nani anampikia?"

Jamani! Nililiona kosa langu palepale. Kule chuoni tulisema sumu kutwa nzima, sumu ya risasi, sumu ya dawa za pamba, imo kwenye maji, imo hewani, haina mwenyewe. Kwetu sumu haimwingii mtu hivihivi. Sumu mtu analishwa, na kuna aliyemlisha. Nilisimama mbele ya kijiji changu, kwa lugha ninayoijua tangu utotoni, nikatoa ushahidi dhidi ya mama yangu na kuuwekea mhuri wa chuo kikuu.

"Ni zebaki!" nikapiga kelele. "Zebaki ndiyo sumu! Anaichoma mwenyewe!" Wengine wakacheka. Zebaki waliiweka kwenye chupa za soda chini ya vitanda vyao, ikigusika kila siku, na hawajaona aliyeanguka. Mdogo wangu aligeuka akamtazama mama. Nyuma mtu akapiga mwano, lile yowe ambalo likipigwa kwetu kila mwanaume anatoka na silaha.

Jiwe la kwanza lilirushwa na mwanamke. Namjua, aliwahi kukopa unga kwetu. Lilimpata mama begani, na wale aliokaa nao wakatawanyika, akabaki peke yake chini, anatafuta kiatu chake. Nilikimbia kumwendea. Mdogo wangu alikuwa amenitangulia. Alimnyang'anya mchunga ng'ombe mmoja fimbo, na pigo lake la kwanza likatua mdomoni kwa mama. Niliona meno yakiruka. Mama alinyanyua ule mkono uliofungwa kitambaa, mdogo wangu akaupiga, ukavunjika, nikasikia mlio wake.

Nilimpiga mdogo wangu kisogoni kwa mashine. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, nikitaka afe, nasema kweli. Kisanduku kikapasuka. Nikampiga nacho mtu mwingine usoni, kikavunjika kabisa, na nilipokosa cha kushika nikang'ata sikio la mtu mpaka ikanibaki ladha ya damu. Mtu akanipiga teke la mbavu. Nikaanguka juu ya mama, wakanipiga mgongoni kwa fimbo na kwa mateke, nami nasikia chini yangu anapumua kwa shida, damu inagugumia kooni mwake. Kisha akaacha kujitikisa.

"Amekufa," mtu akasema.

Basi wakaacha. Hivyo tu. Wakaondoka taratibu wakipangusa nguo vumbi. Mmoja alirudi kuokota kofia yake. Mwenyekiti alikuwa amejifungia kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, na nashukuru angalau alipiga simu polisi. Walipofika walikuta uwanja mtupu, sisi wawili chini, na mdogo wangu kakaa pembeni yetu na fimbo magotini, mikono inamtetemeka, damu inamchuruzika shingoni. Hakukimbia. Walimpandisha kwenye gari lao, nasi wakatuwahisha hospitali Kahama.

Mama hakufa. Taya lilipasuka, meno manane yalitoka, mdomo ulishonwa, mkono ukafungwa plasta ngumu. Nilikaa kando ya kitanda chake na mbavu zangu mbili zilizovunjika, nikimchukia kila mtu. Mhadhiri alipiga simu. Alisema pole sana, pole sana, kisha akauliza, "Na mashine?"

"Imevunjikia kichwani kwa mdogo wangu."

Akauliza tena, "Majibu yalikuwa humo humo?"

Nilimpa maneno ambayo hakuna mfanyakazi anayempa mkubwa wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Siku mbili baadaye alipiga tena, safari hii kwa unyonge, akaniuliza kwenye fomu zetu tuandike nini badala ya sumu. Nikamwambia apande basi aje awaulize wenyewe. Na alikuja, namsifu kwa hilo, lakini hayo yalikuwa baadaye.

Siku aliyoruhusiwa mama kutoka, hakutaka kwenda kwa shangazi nilikokuwa nimemwandalia mahali. Aliniambia nimpikie mdogo wangu ugali na dagaa, tupitie kituo cha polisi. Nikakataa. Nikamwambia akaoze huko huko. Mama alikuwa hawezi kusema vizuri, kwa hiyo hakubishana. Alikwenda kuketi mbele ya jiko, uani hospitalini wanapopikia ndugu wa wagonjwa, na kuanza kukoroga kwa mkono mmoja, sufuria inazunguka, maji ya moto yanamrukia, mpaka nikamnyang'anya mwiko.

Pale kituoni askari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia kwa kichwa. Askari akamuuliza yeye ni nani wa mtuhumiwa, nikajibu kwa niaba yake kwamba ni mama mzazi. Akamtazama uso, zile nyuzi, ule uvimbe. "Pole. Ulipata ajali?" Mama akaitikia kwa kichwa tena.

Mdogo wangu akaletwa hadi kwenye nondo za mahabusu. Alikuwa amekonda. Alipomwona mama alirudi nyuma hatua moja, askari aliyekuwa naye akamsukuma mbele. Nikafunua chakula. Yule askari kijana akasema, kama anavyowaambia wote wanaoleta chakula pale, "Haya mama, onja kwanza."

Sikuwa nimeifikiria sheria hiyo. Kila mleta chakula huonja mbele yao, mfungwa asije akawekewa kitu.

Mama akamega kitonge kidogo, akakichovya. Alifungua mdomo kadiri ulivyofunguka, ambavyo si sana. Uzi mmoja ukakatika, damu ikatoka.

"Afande," mdogo wangu akasema, "asionje."

"Ni utaratibu."

"Asionje, afande, nakuomba! Ntakula tu. Mama, usionje!" Alikuwa ameshika nondo, anapaza sauti, mahabusu wengine wakaanza kumzomea.

Mama alisukuma kile kitonge kwa kidole mpaka kikaingia, akahangaika nacho upande ambao bado ulikuwa na meno, machozi yanamtoka kwa maumivu, akameza. Akafungua tena mdomo kumwonyesha askari kwamba hakuna kitu. Kisha akamsogezea mwanawe bakuli, akamwambia kwa Kisukuma ale, kisipoe.

Alikula chote. Alikuwa anatetemeka na kulia, nusu inamwagika sakafuni, anaokota, anakula. Nilisimama pale nikimtazama, na sikumsamehe, wala leo sijamsamehe.

Njiani mama alitembea amejiziba mdomo kwa kanga. Tulipofika sokoni akanishika mkono, akanielekeza kwenye magunia ya mchele. Nikadhani ni wa kwake, nikamwambia ndiyo, utakufaa, ni mlaini.

"Kesho tumpelekee bokoboko," akasema. "Ugali unaniumiza kuonja."