Viti vya Kukunja vya Penmarra

Rafiki yangu Merle Trevaskis alikuwa na ombi moja tu safari hii, na alilisema kabla hatujatoka mjini kwetu, Murray Bridge: Jumapili asubuhi awe Penmarra. Kikanisa ambacho bibi yake, Loveday, alikipigia kinanda maisha yake yote kilikuwa kimeuzwa, na ibada ya mwisho ilikuwa Jumapili hiyo. Baada ya hapo tajiri mmoja wa mjini angekifanya nyumba ya wageni, na bafu la mapovu pale penye mimbari.

"Tutafika, mama," akasema Clem, mumewe, bila kugeuka.

Kugeuka hawezi. Miaka mitatu sasa shingo yake imekaza kama bawaba yenye kutu, na ole wako uitaje. Clem aliuza nyama hadi akastaafu, na sijapata kumsikia akikiri kuwa kisu chake ni butu, sembuse shingo.

Kila mwaka huvuta karavani yao, kinyumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, kwenda kutembelea miji ya kale, nami nyuma yao na kigari changu ninacholala humohumo. Kila mmoja ana kazi yake. Clem husoma kwa sauti kila kibao cha historia: jela, posta, hata birika la kunyweshea farasi. Mimi na Merle hutafuta duka la mikate tukaonja pai za nyama na kuzitafutia makosa. Lakini Penmarra, mji wa bibi yake Merle, Clem alikuwa ameupita mara mbili bila kusimama. Mara ya kwanza alisema maji yake yana chumvi. Mara ya pili akasema mji ule umekufa.

Uongo mtupu; alichokwepa ni kambi. Kambi ya karavani ya Penmarra haina nafasi ya kuingia moja kwa moja ukatokea upande wa pili. Lazima uingize karavani kinyumenyume. Na kwetu, karavani ikiingia kambini jioni, watu hutoa viti vya kukunja, wakafungua bia, wakakaa kutazama. Hakuna televisheni inayoishinda burudani hiyo. Mila hairuhusu kumsaidia dereva mpaka aombe, na wanaume wetu hawaombi.

Jumamosi jioni tukafika. Nafasi ya karavani iliyobaki ilikuwa moja, kati ya mti na bomba la maji. Kabla Clem hajazima redio, viti vilishapangwa, nami nikatoa changu.

Merle akashuka, akasimama nyuma, akaanza kupunga mikono kama alivyopunga miaka yote ya ndoa.

"Kama huoni uso wangu kiooni, nami sikuoni!" Clem akafoka. Hiyo ndiyo salamu yake ya kila kambi.

Karavani ikipinda hutoweka kiooni, na dereva hana budi kutoa kichwa dirishani aangalie nyuma. Clem alitoa kichwa, kikatazama mbele. Karavani ikaenda kwenye mti. Akaitoa, ikaenda kwenye bomba.

"Bomba hilo lilikuwepo tangu jana, mzee!" akasema mmoja kitini. Viti vikacheka.

Clem akawa mwekundu kama nyama aliyokuwa akiuza. "Mama, panda twende! Tutalala mbele huko, kando ya barabara kuu."

"Kesho je?"

"Kanisa ni kuta tu, Merle. Tumeona makanisa mangapi?"

Merle akaenda mlangoni kwa dereva, akaufungua.

"Shuka, Clem."

"Nini?"

"Shuka. Bibi yangu hakupiga kinanda mpaka vidole vikapinda ili mimi nilale kando ya barabara na malori. Shuka."

Vitini bia hazikunyweka. Clem akashuka, na kwa vile mikono haikuwa na kazi, akaenda kusimama nyuma, akaanza kupunga.

Merle akapanda kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani. "Kama huoni uso wangu kiooni, nami sikuoni!"

Nilicheka hadi kiti changu kikajikunja nami ndani yake.

Mara moja tu! Karavani ilipita kati ya mti na bomba ikatulia mahali pake kama mtu anayeingia kitandani. Mimi sikushangaa. Merle alirudisha nyuma matela ya majani ya ng'ombe kwa trekta la baba yake tangu hajaota meno ya utu uzima. Clem hakuwahi kumuuliza.

"Mkeo kafundishwa na nani, mzee?" akauliza yule wa bomba, akimletea bia.

"Si mimi," akasema Clem, na bia akampelekea Merle.

Asubuhi kikanisa kilijaa. Ibada ilipokwisha, Merle akatuonyesha kibao cha kumbukumbu ya bibi yake, juu ukutani, karibu na dari. Nikamngoja Clem aanze kusoma. Alisimama akitazama ukuta usawa wa macho yake, pasipokuwa na kitu.

"Nisomee, mama," akasema. "Shingo haiinuki."

Merle akamtazama kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, kama Clem asomavyo vibao vya posta, ila alipofika kwenye jina la Loveday sauti ikakatika. Clem akamshika mkono.

"Rudia," akasema. "Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Hata mimi niliyekuwa mlangoni nilisikia. Merle akarudia.