Ukuta Uliopakwa Mawese

Marcelina wa kijiji cha Simbo, Kigoma, alikuwa mkamuaji wa mawese, mwenye ulimi mkali na moyo ambao, tusidanganyane, ulikuwa mwoga kama wa kuku. Mwaka 1997, wakimbizi wa Burundi waliokuwa vijijini walipoanza kukusanywa na kupelekwa kambini, yeye alikuwa na mmoja nyumbani kwake: Générose, mwanamke aliyelima naye miaka mitatu, wakila sahani moja.

Ni Marcelina mwenyewe aliyemwomba ampambie ukuta wa mbele. Générose akachanganya udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi kwa mawese, akapaka kwa viganja. Hakuchora mtu wala mti. Mistari ilipindana, weusi ukaumeza wekundu, na chini kabisa weupe ukavurugika.

"Ni pori nililopita nikikimbia," alisema, "na ziwa lilivyochafuka."

Marcelina hakuelewa kitu, lakini aliupenda ukuta ule hadi akawa anauaga akienda shamba.

Majirani waliuchukia. Picha isiyo na kichwa wala miguu ni ya nini? Maneno yakamfikia Bwana Walter, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, asiyejua kilima hata kimoja cha Kigoma. Akaja na mgambo wawili, akaukodolea macho ukuta.

"Hii ni ramani. Hii mito, hizi njia za waasi. Nani kaagiza?"

Générose alimtazama Marcelina. Neno moja tu lingetosha: mimi.

"Oya, bwana mkubwa, mimi simo," Marcelina akasema. "Kachora mwenyewe. Siku ile nilikuwa shamba."

Générose akapandishwa lori bila hata kuchukua kitenge chake.

Marcelina akaamriwa aufute ukuta. Akaukandika udongo mpya siku hiyohiyo, akijitukana kimoyomoyo kwa woga wake. Mkamuaji mzima wa mawese akasahau kwamba udongo haushiki penye mafuta! Mvua za kwanza tu, kandiko likadondoka vipande vipande, na pori la Générose likatoka vilevile, liking'aa.

Bwana Walter akarudi. Akamkuta Marcelina mbele ya ukuta, ana udongo hadi viwikoni.

"Mkimbizi hayupo. Hii sasa kachora nani?"

Marcelina akawageukia majirani waliokuwa wamekusanyika, walewale waliomwona Générose akipaka tangu asubuhi hadi jioni. Mmoja mmoja wakaapa kwamba siku ile walikuwa shamba.