Nilimwita mondo wa Gwata "Theluji", nikaulizwa mama yake aliiona wapi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, uzi huu tu nimeutunga siku mbili. Nivumilieni.

Naishi Tangini, Kibaha. Wazazi walitoka kaskazini, mimi nimezaliwa hapa hapa. Kazi yangu ni kuziba pancha za baiskeli. Mteja asipokuwepo naandika hadithi kwenye daftari.

Hadithi yenyewe ni ya familia ya mondo wanaoishi Gwata. Mondo ni yule paka wa porini mwenye madoa na miguu mirefu.

Kwenye majina nilijituma kweli. Mama nikamwita Msonobari. Mtoto wa kwanza Theluji, wa pili Zabibu. Baba yao Radi ya Dhahabu.

Majina yalinichukua wiki tatu. Hadithi ilikuwa kurasa mbili.

Sasa, Kisarawe kuna dada mmoja fundi cherehani, anaitwa Mwanamvua. Ana grupu la wazazi, kila Ijumaa anawasomea watoto wao hadithi kwa voisi. Shangazi yangu yumo, ndiye aliyenipa namba. Nikajikaza, nikamwandikia kwamba nami natunga. Akasema niilete, ikifaa ataisoma.

Wakuu, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuomba kuona nilichoandika. Shati nilifua mara mbili.

Nilipofika nikamwamkia mama yake, alikuwa barazani anapukuchua kunde. Mwanamvua akasoma kimya. Mimi naangalia kandambili zangu.

Akauliza Theluji alizaliwa wapi. Nikasema Gwata.

"Na jina alipewa na nani?"

Nikasema na mama yake.

"Huyo mama yake aliiona wapi theluji, kaka?"

Mama yake Mwanamvua akanisaidia kujibu, macho hayajatoka kwenye kunde: "Labda alijifungulia kwenye friji la duka."

Walicheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Mwanamvua akanirudishia daftari. Akasema hawezi kuisoma, maana watoto wa huko mondo wanamjua, ndiye anayewamalizia kuku. Wakisikia anaitwa Zabibu wataondoka wakacheze. Yeye mwenyewe aliitwa Mwanamvua kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha na bati lilikuwa linavuja. Mama yake hakwenda mbali kutafuta jina.

"Nenda kaone mama mondo anaona nini," akasema. "Nakungoja mpaka Ijumaa."

Jumatano nikaenda Gwata. Nikawaza, mondo yuko chini, basi na mimi nishuke chini. Nikatambaa kwa mikono na magoti kwenye nyasi, daftari mdomoni.

Nikaona miguu ya ng'ombe. Kisha nikaona miguu ya mtu.

Alikuwa mfugaji. Akaniuliza nimepoteza nini. Kwa aibu nikasema simu.

Mungu amlipe, naye akainama tutafute wote. Tukatafuta kama dakika kumi. Halafu simu ikaita, mfukoni mwangu.

Ikabidi niseme ukweli wote. Akajipangusa magoti, akasema: "Dogo, mondo hapiti hapa saa hizi. Anapita asubuhi, kule kwenye kichuguu. Anatoka ameloa umande, na zile mbegu za kishona nguo zimemganda tumboni."

Nikaandika hayo hayo. Mama akawa Umande. Mtoto wa kwanza Kichuguu, maana alizaliwa kando yake. Wa mwisho, asiyebanduka kwa mama, nikamwita Kishonanguo.

Ijumaa Mwanamvua akasoma tena, akitikisa kichwa kukubali, mpaka alipofika kwa baba. Radi ya Dhahabu nilikuwa nimemwacha na jina lake lile lile, wakuu. Nilimpenda mno. Akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akampiga mstari bila kuniuliza.

Jioni voisi ikaingia kwenye grupu, Mwanamvua alishaniunga. Nilikaa nayo muda mrefu bila kuifungua. Nilipoifungua, chini yake mtoto mmoja alikuwa ameshajibu kwa sauti, amekasirika kabisa:

"Huyo Kishonanguo ndiye amekula tetea wetu."

Sijawahi kusifiwa hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa natafuta majina ya kunipendeza mimi, wakati mwenye mtoto ni mondo.

Baba yao mpaka leo hana jina. Alizaliwa Kwala, kabla makontena ya bandari kavu hayajafika. Mwenye wazo aliweke hapa. Na anayetaka kucheka tu, acheke, nimeshazoea.