Rubani Goga

Ngoga alikuwa mwendesha boti Gisenyi. Kila siku ya soko aliwaleta mjini wanawake wa vijiji vya ziwani na mizigo yao, jioni akawarudisha. Mtu wa maneno machache. Rafiki yake wa karibu alikuwa Kimenyi, mwalimu wa sekondari aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili cha kunyooka kilichomfurahisha Ngoga hata asipokifuata chote.

Kimenyi alikuwa akiandika riwaya ya vita vya sayari. Ilipofika kwenye marubani wa ndege za kivita, alikwama, kwa sababu hata gari hakujua kuendesha. Basi akawa anapanda boti na kukaa nyuma karibu na injini, akiuliza. Unajuaje upepo umegeuka? Mkono unafanya nini mtu akiogopa? Ngoga alijibu yote, na siku moja akamweleza pia habari ya Tuyisenge, ambayo hakuwahi kumweleza mtu.

Tuyisenge alikuwa mwenzake wa kazi. Siku ile boti zao mbili zilirudi pamoja, ya Ngoga imejaa wanawake na watoto wachanga, ya Tuyisenge ina magunia tu. Dhoruba ikawakuta katikati ya ziwa. Boti ya magunia ikapinduka. Ngoga alisogea mpaka akaona meno ya mwenzake, lakini maji yalikuwa yanaingia kwake pia. Angesimama tu, wimbi lingempiga ubavuni na wote wangezama. Tuyisenge akapiga kelele, Ngoga peke yake akasikia katika upepo ule: "Enda! Peleka batoto!" Ngoga akaenda. Alipowashusha abiria na kurudi, aliona gunia moja linaelea.

Kimenyi alilia siku aliposikia hayo. Alimshika Ngoga bega akasema, "Ndugu yangu, hili litabaki kwangu."

Kitabu kilitoka. Kilisomwa hadharani katika ukumbi wa vijana, na Ngoga alivaa koti kwenda kumpongeza rafiki yake. Kimenyi alisoma kurasa za rubani mmoja, mhusika mdogo aitwaye Goga, mrefu, mwenye kovu kidevuni. Ngoga akashika kidevu chake bila kujua. Goga anaruka vitani na mwenzake. Ndege ya mwenzake inawaka moto. Mwenzake analia kwenye redio, "Usiniache, Goga, usiniache!" Goga anageuza ndege, anakimbia peke yake. Ukurasa unaofuata kamanda anampiga risasi kama mbwa, na hadithi inaendelea bila yeye.

Watu walipiga makofi. Wengine walishageuka kumtazama Ngoga.

Wiki haikuisha, vijana wa ufukweni wakawa wanamwita Rubani. Hayo angeyavumilia. Lakini mama Kayitesi, mamake Tuyisenge, aliyekuwa akiuza ndizi karibu na gati, aliposalimiwa naye asubuhi, aliinamisha uso kwenye ndizi.

Ngoga alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kimenyi.

"Batu bangu iko wapi?" aliuliza mlangoni. "Bale bamama, bale batoto. Umebatupa wapi?"

Kimenyi alijaribu kucheka. "Kaa kwanza, bwana. Ndege ya kivita ina kiti kimoja. Rubani habebi abiria. Wangeniharibia hadithi."

"Na Tuyisenge? Yeye aliniambia niende. We umemufanya analia."

"Ni mhusika mdogo tu, Ngoga. Kurasa mbili. Hakuna atakayemkumbuka."

"Mama yake anamukumbuka."

Kimenyi akaahidi kubadilisha jina kitabu kikichapwa tena. Ngoga alimtazama mtu huyu aliyekaa nyuma ya boti yake miezi mingi, akiuangalia mkono wake kwenye usukani, akaona kwamba hata sasa haelewi alichochukua. Akaondoka bila kuaga.

Kwa mama Kayitesi ilikuwa vigumu zaidi. Alisimama mbele ya meza ya ndizi mpaka wateja wakaisha.

"Mama, ile ya kitabu si kweli. Mi nilikuwa na batoto ndani ya boti."

"Ya batoto najua," alijibu. "Bamama zao banapita hapa kila siku ya soko. Kitabu sijui kusoma. Niambie ile moja tu. Mutoto wangu alilia?"

"Hapana, mama. Alisema niende, nipeleke batoto. Alisema kwa nguvu, kama anakasirika."

Mama Kayitesi alikaa chini. Machozi yalimtoka polepole, na alipopata sauti ilikuwa kali. "Ile neno ilikuwa yangu. Miaka yote unapita hapa, unanunua ndizi, unanyamaza. Halafu unamupa mwalimu kabla yangu mimi!"

Ngoga alikuwa amekuja akiwa mtu aliyesalitiwa, na sasa alisimama pale asijue aweke wapi mikono yake. Mwishowe mama akajifuta uso kwa kitenge, akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Anza asubuhi ya ile siku. Alikula nini?"

Ngoga akakaa, akaanza na chai.

Kimenyi hakupanda tena boti ile. Akienda vijiji vya ziwani anazunguka kwa barabara, na wakikutana sokoni ni Kimenyi anayevuka upande wa pili.