Chokoleti Yenye Ladha ya Chuma

Kwenye simu yangu nilikuwa nimehifadhi video arubaini na moja za vyakula ambavyo sijawahi kuvila. Kulikuwa na soseji iliyovikwa jibini, mtu akiivuta inanyooka mkono mzima. Kulikuwa na matunda yaliyogandishwa ndani ya sukari, yanalia kacha yaking'atwa. Kulikuwa na baga nyeusi tii, na chai ya baridi yenye vidonge vyeusi vinavyopanda kwenye mrija mnene, na chokoleti moja ambayo ukiivunja katikati unatokeza ujiuji wa kijani. Vyote viko Dar es Salaam, na kila anayevionyesha huanza kwa kuapa kwamba ukifika Dar usiondoke hujala hiki. Mimi nilikuwa kisiwani, Konde, nashona nguo za watu kibarazani, na kila nikipumzisha mguu kwenye cherehani nazitazama tena.

"Weye washiba kwa macho?" Mama aliniuliza siku moja.

Mama yangu alikuwa mpishi, na sisemi hivyo kwa sababu tu ni mama yangu. Samaki wake, changu wa kupaka, alikuwa akiulizwa mpaka na watu wa kijiji cha Kiuyu. Na alikuwa na sheria moja: chakula hakipiti njiani bila kufunikwa kawa, hata kama kinakwenda nyumba ya pili tu. Kwa hiyo watu wa kwenye simu yangu, wanaoanika sahani zao mbele ya dunia nzima kabla ya kutia hata tonge, aliwaona wana wazimu. Alisema wajitafutia husda wenyewe, halafu wakiumwa tumbo wakimbilie hospitali.

Aliyekimbilia hospitali akawa yeye. Palitokea uvimbe kwenye titi, tukapelekwa Dar, na huko akaanzishiwa dawa zinazopita kwenye mshipa, kila baada ya wiki kadhaa. Tulifikia kwa binamu yangu, binti wa khalati, ghorofa ya tatu. Katika mzigo wake Mama alikuwa amefunga kawa lake, la ukili wa rangi nyekundu na zambarau, kana kwamba Dar hakuna hata kitambaa cha kufunikia sahani. Nilimcheka. Sikujua kawa lile litakuja kunitia uchungu kiasi gani.

Baada ya dawa ya pili, mdomo wake uligeuka. "Chuma," aliniambia. "Kila kitu chuma. Kama nanyonya ufunguo." Nilipika uji, nikapika muhogo wa nazi, nikapika supu ya kuku, nikapika mpaka boko boko la ngano na nyama, ambalo kwetu ni chakula cha sikukuu. Nilikuwa nampelekea sahani chumbani, nikirudi nalikuta kawa liko juu yake. Nikilifunua, chakula ni kile kile, hata alama ya kijiko haipo. Siku niliyompikia changu alionja, akatema kwenye kiganja, akaanza kulia. Tangu aambiwe ugonjwa wake sikuwa nimemwona akilia. "Samaki miye namjua," alisema. "Huyu siye."

Safari ya hospitali iliyofuata akapandishwa kwenye mizani, na daktari hakupenda alichokiona. Alinitoa nje akaniambia mama akipungua tena hatapewa dawa nyingine, mwili hautaihimili. Na dawa zenyewe zilikuwa hazijafika hata nusu. "Ale chochote," akasema. "Chochote anachoweza kukimeza." Nilipandwa na hasira. Nilitaka kumuuliza kwani alidhani mimi namlisha mawe. Nilinyamaza kwa adabu, nikaja kuyasema yote mbele ya mlinzi wa getini, masikini, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Tulitoka tukatembea kidogo, Mama akachoka. Nikatafuta pa kumkalisha, na nilipoinua macho nikauona ukuta wa kijani ninaoujua. Ulikuwa ukuta wa duka la chokoleti, video ya kumi na mbili au kumi na tatu. Nitasema ukweli hata kama ni aibu: mama yangu anaisha mbele yangu, na moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikamwambia, "Mama, tupumzike hapa, pana baridi."

Ndani kulikuwa kama nimeingia kwenye simu yangu mwenyewe. Vijana walikuwa wamejaa, taa za duara zimesimamishwa kwenye meza, aiskrimu inafuka moshi na hakuna moto. Nilisimama nikishangaa mpaka mhudumu akanigusa bega. Mama yeye alikuwa anashangaa jambo jingine.

"Hawa wasubiri nini, hawali?"

"Wapiga picha kwanza, Mama."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

"Subhanallah," alisema, na akawatazama kama unavyowatazama watu wa ibada usiyoijua.

Chokoleti ilipoletwa, aliifunika sahani kwa ncha ya mtandio wake mpaka niliporudi kutoka kunawa mikono. Kisha akaigeukia meza ya jirani, walikokuwa wasichana watatu, akasema, "Karibuni." Kwetu ukikaribishwa hivyo unashukuru, kila mtu anaendelea na chake. Wale wasichana walitazamana, halafu mmoja akainuka na uma wake akaja kweli, anacheka kwa furaha. Mama hakushtuka hata kidogo. Alimsogezea kiti, akamkatia kipande kikubwa kuliko vyote. Msichana akaomba kupiga picha, na Mama akamwambia, "Kipige chakula, miye uniwache."

Nilipokivunja kipande kilichobaki, kijani kile kikamwagika sahanini.

"Ndani kisamvu?"

"Si kisamvu, Mama. Ni lozi za kijani na tambi za kukaanga."

Alichukua punje, kama ukucha wa kidole kidogo. Nikaandaa kitambaa cha kutemea. Akatafuna. Akatulia, akatafuna tena. Mimi nilikwishaonja kipande changu, na wallahi sijapata kuonja kitu kama kile: utamu, chumvi kwa mbali, tambi zinavunjika kama majani makavu. Mama akanikazia macho.

"Na kwako ina chuma?"

Sikuwahi kumdanganya mama yangu. Nilikuwa mtoto wa ulimi mkali, lakini si wa uongo. Hata nilipovunja bakuli lake la harusi nilikwenda kumwambia mwenyewe. Pale dukani sikufikiri. Niliona tu kwamba hajatema.

"Ina chuma," nikamjibu. "Ndivyo ilivyo."

"Kumbe."

Akachukua kipande kingine, safari hii kikubwa. Na alipokimaliza alinieleza, taratibu, kama ananifundisha kupika. "Samaki namjua alivyo. Akija na chuma, najua siwezi. Hii siijui. Kama ndivyo ilivyo, basi hapa miye sina ugonjwa." Alikula nusu ya chokoleti ile. Nilimtazama anavyomeza, na duka zima na taa zake na moshi wake vikapotea machoni kwangu. Sijaona maajabu mengine Dar kama koo la mama yangu likipanda na kushuka.

Tukaanza kazi. Kila siku aliyoweza kusimama nilimpeleka kwenye video mojawapo. Alivuta jibini la soseji mpaka likakatika likamwangukia kidevuni, akacheka. Alivuta vidonge vyeusi kwenye mrija, cha kwanza kikamtia hofu kikiingia, akasema kinatembea kama kiumbe. Alikula baga nyeusi robo, na matunda ya sukari manne. Kila mahali alifunika sahani, kila mahali alikaribisha watu, na kila mahali aliniuliza. Ina chuma? Ina chuma, Mama. Jibu hilo nilimfundisha na binti wa khalati, na yeye hana kiasi: alikula matunda yale akakunja uso akasema, "Loo, haya chuma kimezidi!"

"Watu wa Dar wana mambo," Mama akasema. "Chuma wakipendea nini?"

"Wamezoea," nikamjibu.

Kwenye mizani hakupungua. Mara iliyofuata aliongezeka, kidogo tu, lakini daktari alirudia kumpima kuhakikisha. Akaniuliza anakula nini. Nikamtajia moja moja huku nimeinamisha kichwa, na kalamu yake ikasimama kwenye jibini la soseji. Alicheka, kisha akasema tuendelee. Mama alipata dawa zote, hadi ya mwisho.

Watu huniuliza sasa vile vyakula vilikuwaje, kwa sababu wanajua nilivyovililia. Siwezi kuwajibu. Chokoleti ya siku ya kwanza naikumbuka. Vingine vyote vilinipita mdomoni, maana macho yangu yalikuwa kwa Mama, na moyoni nilikuwa naomba radhi kwa uongo niliousema na kwa ule nitakaousema kesho.

Tulirudi Konde. Nywele zikaanza kumwota, laini kama za mtoto. Lakini jikoni hakuingia. Aliniachia mimi, na mimi si mpishi, kila mtu mtaani anajua. Uji aliunywa kwa mkupuo mmoja, pumzi ameibana, kama anavyokunywa dawa. Wali aliumeza haraka bila kuutafuna. Samaki hakutaka hata apite mlangoni. Sikumuuliza habari ya chuma. Niliogopa jibu, na nadhani yeye aliogopa zaidi kumjaribu samaki akamkuta bado siye.

Ikapita miezi. Asubuhi moja binti wa khalati akatuletea mzigo kwa mtu aliyekuja na meli, na ndani yake mlikuwa na chokoleti ile ile, imelainika kwa joto. Niliitia kwenye friji mpaka ikashika, nikaikata vipande, nikaipanga kwenye sahani, nikafunika kawa. Nilimkuta Mama amekaa mkekani, anachambua mchele. Nikasema, "Rafiki yako wa Dar kaja."

Alifunua, akatabasamu. Akachukua kipande, akatia mdomoni, na akakitafuna vizuri, kwa sababu hicho alikuwa hakiogopi. Mara akasita. Niliona uso wake unabadilika, nikaruka kutafuta bakuli nikidhani anataka kutapika.

"Hii siyo," alisema.

"Ndiyo, Mama. Duka lile lile, karatasi ile ile."

"Siyo. Haina chuma."

Alichukua kipande cha pili, akakiweka juu ya ulimi, akafumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa yananitazama mimi.

"Siku zote zile," akasema, "ulinambia uongo?"

"Ndiyo, Mama."

Nilingoja aniseme. Aliirudisha sahani mkekani, akalifunika kawa juu yake, akalisawazisha ukingo kwa kidole kama alivyokuwa akifanya zamani kabla hajampelekea mtu chakula. Kisha akausogeza ungo wa mchele pembeni, akaweka mkono sakafuni na kuinuka.

"Nenda sokoni, samaki wa Msuka hawajesha," akasema. "Nitafutie changu. Miye nawasha moto."

Nilitoka na tepu ya kupimia nguo ingali shingoni, nalia njia nzima, na kila aliyenisimamisha kuniuliza kuna msiba gani nilimwambia nakwenda kununua changu.