Matanga ya Mke Aliye Hai

Padri wetu, Mzungu mzee, aliwahi kufanya kazi ya misheni Japani kabla ya vita, na huko watawa wa mahekalu walimfundisha kukaa. Ndivyo alivyotuambia baada ya Misa: kukaa. Tulitazamana. Watu wa Tanga wafundishwe kukaa! Miaka ile ya hamsini, ukipita mtaa wowote alasiri, ungedhani mji mzima umekwisha kuhitimu.

Kumbe kukaa kwake kulikuwa kwingine. Wajapani wanaita zeni, alisema, na watawa wa Kikristo wa zamani, huko jangwani, walikuwa na sala inayokaribiana nayo. Unakunja miguu, unanyoosha mgongo, unaelekea ukuta. Husemi, hugeuki. Unavuta pumzi taratibu na kushika neno moja tu la sala. Mimi nilichagua "Bwana".

"Mawazo yatakuja," padri alisema. "Yaacheni yapite. Msiyakaribishe kahawa."

Nilikuwa karani kijana katika ofisi ya mkonge, nimeshuka kutoka milimani Usambara, sekondari nimemaliza juzi, na nilipenda kila jambo ambalo jirani zangu hawalijui. Hili nikalishika kwa mikono miwili, nikalipeleka hadi nyumbani. Mke wangu akiuliza, "Chumvi imetosha?" nafumba macho. Akisema kuna mgeni, navuta pumzi. Yeye alikuwa binti wa Pangani, mcheshi na msemaji. Hata rozari aliisali kwa sauti huku akipepeta mchele. Alivumilia siku kadhaa, kisha akafunga kifurushi.

"Nakwenda kwa mama," alisema. "Ukipata la kusema, njia unaijua."

Nilivuta pumzi. Naam, hata hapo.

Jumamosi iliyofuata kanisa lilikuwa linapakwa chokaa, nami nikajitolea kuwakaribisha kwangu wenzangu wawili wa sala, fundi cherehani na mpishi wa misheni. Nilitaka padri asikie. Chumba nilichopanga kilikuwa na joto la tanuri, kwa hiyo nikachukua mikeka ya mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa sokoni, nikaitandika barazani. Tukavua viatu, tukaelekea ukuta, nikatega saa ya kengele, tukanyamaza.

Mtu wa pwani anayesoma haya ameshaanza kucheka. Mikeka imetandikwa nje kama matangani, wanaume wamekaa kimya, na mke wa mwenyeji hajaonekana siku kadhaa.

Wa kwanza kupita alikuwa muuza kahawa. Nilisikia vikombe vyake vikigongana, kisha vikatulia.

"Hamjambo, mabwana?"

Kimya.

"Lo! Poleni. Poleni sana."

Akaweka birika chini, akakaa kando yetu, akaegemea ukuta. Muda si muda akaja jirani wa ng'ambo ya mtaa, mzee mshona makubazi ya ngozi.

"Nani?" alinong'ona.

"Nadhani mke wa karani. Alitoka na kifurushi, hakuonekana tena."

"Yule mcheshi? Inna lillahi! Juzi tu kazitania ndevu zangu."

"Ndiyo dunia, mzee wangu."

"Na hawa mbona wameelekea ukuta?"

"Mila za watu wa bara. Huenda kwao ndiyo heshima."

"Basi nasi tugeuke?"

Nikasikia magoti yakilia. Wakageuka.

Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini saa ilikuwa haijalia, na jambo lenyewe lilikuwa limeanza kunifurahisha. Fundi cherehani, kulia kwangu, alikuwa akitetemeka mabega kwa kuzuia kicheko, na mzee wa makubazi akamwekea mkono mgongoni.

"Lia, mwanangu," alimwambia. "Usijizuie."

Baraza likajaa. Mama mwenye nyumba akarudi na kikapu chake, akakuta matanga nyumbani kwake mwenyewe bila kuambiwa.

"Nani kafa kwangu?"

Akaambiwa. Kikapu kikaanguka. Alimpenda mke wangu kuliko alivyonipenda mimi, na kilio alichopiga hakikuwa cha mzaha. Hapo ndipo iliponipasa kugeuka. Nilijiambia kwamba hili nalo ni wazo, litapita. Nimezeeka sasa, na nimetenda makosa mengi, ila kilio kile bado nakisikia.

Mara basi la Pangani likasimama mwisho wa mtaa, na sauti ninayoijua ikapiga ukelele.

"Mume wangu! Jamani, mume wangu!"

Alikuwa amerudi mwenyewe ili tupatane. Akaona mikeka, akasikia kilio, akajua ni mimi niliyekufa.

Baraza zima likamwona marehemu. Birika la kahawa likapinduka. Mtu mmoja akaanza kusoma dua mbio mbio.

"Wewe si umekufa?" mama mwenye nyumba alimuuliza.

"Mimi? Nilikuwa kwa mama!"

Kisha akanyamaza, nikajua ameuona mgongo wangu.

"Kumbe u mzima," alisema taratibu.

Saa ilikuwa bado. Nikawaza: padri akisikia kwamba hata hili halikunitikisa! Nikaunyoosha mgongo zaidi.

Alingoja. Nilimsikia akingoja.

"Haya," alisema. "Kaa."

Kengele ilipolia nikageuka. Watu walikuwa wameondoka, na yeye alikuwa amepanda basi lile lile likirudi Pangani. Alibaki mama mwenye nyumba, anaokota nyanya zake.

"Mikeka yangu uikunje," alisema. "Na siku ukifa kweli, tafuta baraza lingine."

Nilimsimulia padri, nikingoja sifa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mkeo alivaa nini?"

"Sikumwona, padri. Sikugeuka."

"Basi ulikuwa umelala," alisema, akaenda kumwagilia mchicha wake.

Siku ya mapumziko nikapanda basi hadi Pangani, nikavuka mto kwa pantoni, maana kwao ni ng'ambo. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko uani. Mimi simo."

Mke wangu alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, kanipa mgongo. Nikasema nimekuja. Nikasema nimekosa. Nikasema yote niliyokuwa sijayasema, hata kwamba chumvi ilitosha. Jibu lilikuwa ni mkwaruzo wa nazi. Alimaliza kizio kimoja, akachukua kingine.

Basi nikakaa mchangani nyuma yake, nikakunja miguu. Sikuwa na saa, na neno langu nililisahau. Nilimtazama tu. Kanga yake ilikuwa ya rangi ya samli, ina kiraka karibu na bega, na kiraka chenyewe kilikatwa kwenye shati langu la zamani. Sijui alikishona lini. Shingoni alikuwa na kovu dogo la moto ambalo sikuwahi kuliona tangu tuoane.

Kivuli cha nyumba kilinifikia, kikanipita. Mkwaruzo ukakoma. Hakugeuka.

"Miguu imekufa ganzi?"

"Imekufa."

"Pole kwa msiba," alisema, akainuka juu ya mbuzi na kunipa nazi iliyobaki niikune mimi.