Maharage ya Mama Zaina na Mvua ya Mponde

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga mvua. Naanza na hilo ili msidhani mzee wenu alizaliwa na maarifa. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, nina kaptura mpya ya kaki, na kazi niliyopewa pale Lushoto ilikuwa kutunza kipima mvua. Hicho ni kopo refu la shaba lililofukiwa nusu ardhini. Juu lina mdomo kama faneli, ndani mna chupa ya kupokea maji. Nikafika mapema kuliko mkubwa wangu, nikakuta chupa ina maji na majani madogo yanaelea. Nikaona aibu kwa niaba ya serikali. Nikayamwaga, nikasugua chupa kwa majivu, nikairudisha inang'aa.

Mkubwa wangu alikuwa Mzungu mrefu, na mji mzima ulimwita Bwana Mvua. Alikuja saa tatu kamili, kwa maana vipimo husomwa saa tatu, na kioo chake chembamba cha kupimia, chenye mistari. Akainama, akatazama chupa, akanitazama mimi. Nikasubiri sifa.

"Maji yako wapi?"

"Nimesafisha, Bwana."

Hakupandisha sauti. Alifungua daftari, akapiga mstari mtupu penye tarehe ile, akasema, "Mvua isiyopimwa haikunyesha. Jana watu wa Lushoto walilowa, lakini katika daftari hili walikuwa wakavu. Kumbuka."

Nililikumbuka neno lile, ila nililielewa nusu. Nusu ya pili nilikuja kufundishwa na mama mmoja asiyejua kusoma.

Kazi yenyewe niliipenda haraka. Inchi moja ya mvua kwenye kile kioo ilikatwa mistari mia, mifupi mifupi, na kila wa kumi mrefu. Palikuwa pia na sanduku jeupe lenye miguu, lenye kuta za mbao zilizopangwa kama madirisha ya msikitini, ndani yake vipimajoto. Nilijifunza majina ya mawingu. Nyumbani Magamba, mlimani juu ya Lushoto, mjomba wangu alinitania kila nilipopanda, akiniuliza kama kesho serikali imeruhusu watu wafue. Kwetu Usambara mvua ilikuwa jambo la watawala tangu zamani, na mtu aliyejitia kuizungumzia alipaswa kuwa mwangalifu. Aliyeleta neema walisema amefanya kuzifya shi, yaani ameitengeneza nchi. Aliyeleta balaa, kubana shi, ameiharibu. Mimi nilicheka tu. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na kioo chenye mistari.

Baada ya miaka miwili nikapelekwa Mwanza, kwenye ofisi ya hali ya hewa karibu na uwanja wa ndege. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Jioni nilikaa juu ya mawe ya pale nikitazama mawingu yakijijenga juu ya Ziwa, nikaamini kwamba mvua yote ya dunia hupikwa hapo. Karani Mkuu, mtu wa Tanga, alinifundisha kuchora ramani: simu zikija kutoka kila kituo, tunaandika namba mahali pake, kisha Bwana Mtabiri anaunganisha kwa penseli na kusema hewa inakwenda wapi. Mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa sita, aliandika matazamio ya msimu, karatasi moja ya kuanzia Ziwa hadi pwani. Mimi ndiye niliyeipiga chapa kwa vidole viwili. Nikajiona mkubwa.

Niliporudi Lushoto nilikuwa Msaidizi, na kazi mpya niliyopewa na Bwana Mvua ilikuwa kuisoma karatasi ile sokoni. Mwaka huo ilisema kiangazi kimeshika, pakavu kote tangu Ziwa hadi pwani. Nikaenda nayo gulio la Bumbuli, nikapanda juu ya kreti, nikasoma kwa sauti ya mwalimu.

Mama mmoja wa Mponde, kijiji cha miteremko ya mashariki, mjane, wakimwita Mama Zaina, aliuliza bila kuinuka kwenye kabichi zake. "Mwanangu, karatasi hiyo imetoka wapi?"

"Ziwani, mama."

"Na huko Ziwani ndiko wanakoanika maharage yangu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamweleza kwamba Ziwa ni pana hata ndege huchoka kulivuka, na waliokaa kando yake wanaona mbingu ya nchi nzima. Alitazama kaptura yangu na viatu vyangu. "Haya," akasema. "Wewe umesoma."

Kwa kawaida yeye aling'oa maharage kidogo kidogo, akayakausha darini juu ya moshi. Mwaka ule aliyang'oa yote kwa mara moja, akayatandaza uani, kwa sababu mimi nilisema. Siku ya tatu upepo wa kusi ukapanda na ukungu kutoka tambarare, yakaanza manyunyu. Yalikwenda siku tisa. Lushoto kwetu jua lilikuwa linawaka.

Habari ililetwa na tarishi aliyebeba barua za Bumbuli. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kule wanasema yule kijana wa mvua amebana shi.

Nilishuka Mponde kwa miguu. Mama Zaina alipokea salamu yangu, akaleta ungo. Maharage yalikuwa yameota, kila moja na mkia wake mweupe. Ndicho kilichokuwa chakula chake na mbegu yake ya vuli. Laiti angenitukana.

"Kusi hupanda na ukungu huku kila mwaka," alisema. "Mtoto anajua. Wewe Mshambaa, na wewe unajua. Kwa nini uliacha kujua?"

Juma lililofuata nilimpelekea pishi mbili za mbegu kutoka darini kwa mama yangu. Alipokea moja. Nyingine akasema niirudishe kwa mama, maana si mama aliyesoma karatasi sokoni.

Njiani kurudi ndipo nusu ya pili ya lile neno la Bwana Mvua iliponiingia. Kule ofisini Mwanza nilikuwa nimechora ramani mwaka mzima, na Mponde haikuwa na namba hata siku moja. Nikamwomba Bwana Mvua kipima mvua cha akiba. Alisema hakuna karani kule wa kuandika. Nikasema nitamtafuta. Nikakifukia uani kwa Mama Zaina, nikamwachia na kioo chake.

Kuandika hakujua, lakini macho alikuwa nayo. Tukapatana hivi: kila mstari mrefu wa kioo, harage moja, kila mstari mfupi uliozidi, punje moja ya mahindi. Alivifunga kwenye utepe wa kanga kuukuu, kila siku fundo lake, na mwisho wa juma tarishi aliniletea. Nilifungua, nikahesabu, nikaandika.

Mwezi wa sita ukarudi, na karatasi ikarudi na maneno yaleyale, pakavu kote. Safari hii Bwana Mvua alifuatana nami Bumbuli. Mfukoni nilikuwa na utepe wa juma lile, mafundo saba, yote yamevimba. Nilijua kuongeza neno juu ya karatasi ya wakubwa ni kutafuta kufukuzwa, na mama yangu alikuwa akinitegemea. Nikasoma yote. Kisha nikaikunja. "Hiyo ni ya wenzetu," nikasema. "Watu wa Mponde, msing'oe bado."

Bwana Mvua akasogea. "Nani amekupa maneno hayo?"

"Maharage, Bwana."

Gulio zima likaangua kicheko, isipokuwa yeye. Nikautoa utepe. Nikamkumbusha alivyonifundisha siku ya kwanza. Nikasema mvua ya Mponde ilikuwa hainyeshi kwa sababu hatukupima, na sasa tumepima.

Aliyafungua mafundo mwenyewe juu ya meza ya nyanya, akiandika kwenye daftari lake la mfukoni. Kisha akauliza nani aliyepima. Nikamwonyesha. Akamwendea Mama Zaina, akavua kofia. "Na siku isiyo na mvua, mama, unafunga nini?"

"Nafunga fundo tupu."

"Kwa nini unafunga kama hakuna kitu?"

"Ujue kwamba nilitazama."

Alinipa daftari lake. Kisha akaniambia, "Andika kituo kipya. Mponde." Mwaka uliofuata karatasi ya Ziwani ilikuja na maneno machache ya ziada: isipokuwa miteremko ya mashariki ya Usambara.

Mwaka ule wa mafundo yaliyovimba, zilipita wiki tatu ndipo ulipokuja utepe wenye mafundo manne ya mwisho yasiyo na kitu. Nikamrudisha tarishi na neno moja: ng'oeni. Gulio lililofuata Mama Zaina alinitupia kifuko cha maharage makavu yanayolia kama kokoto. "Mpe mama yako pishi yake," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema kwa Kishambaa kwamba nimezifya shi.

Nilifanya kazi vituo vingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wengi, hadi nikastaafu. Vyeti vyangu vimeliwa na mchwa. Utepe ule ninao. Matatu ya mafundo yale manne niliyafungua nikaandika sifuri. La nne sijalifungua. Najua halina kitu, na najua kuna mtu alitazama.